Friedrich Wöhler: mzee wa urea, mlinzi wa mapipa na balaa la mkorogo

Leo siasa tuiache kidogo, na mpira nao upumzike. Nimewaletea maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1882, mwanakemia wa Kijerumani anayeitwa Friedrich Wöhler. Wengi wetu tuliopita sekondari tulikutana naye kwa sentensi moja tu: Wöhler alitengeneza urea mwaka 1828. Ukiiandika kwenye mtihani unapata maksi yako, unafunga daftari, yameisha.

Kwangu mimi hayakuisha. Kuna neno moja ambalo dada zetu na siku hizi hata kaka zetu wanalijua kwa kuliogopa au kwa kulitafuta: haidrokwinoni. Ndiyo ile inayowekwa kwenye krimu za kujichubua, mkorogo. Nilipoanza kulifuatilia neno hilo nikakuta mambo mawili ambayo shuleni hatukuambiwa. La kwanza, aliyeipa kemikali hiyo jina lake ni huyuhuyu mzee wa urea. La pili, viwandani haidrokwinoni ni mlinzi. Huwekwa kidogo sana kwenye mapipa ya kemikali zenye hasira ili zisijigandishe zenyewe na kulipuka.

Sasa inakuwaje kitu kimoja kiwe mlinzi kwenye pipa na adui kwenye uso wa mtu? Jibu lake nimelipata kwenye maisha ya Wöhler mwenyewe, maana karibu kila alichogundua kilifundisha somo lilelile: vitu ni vilevile, lakini mpangilio na mahali ndivyo vinavyoamua. Twende taratibu.

KIJANA WA ESCHERSHEIM

Wöhler alizaliwa tarehe 31 Julai 1800 katika kijiji cha Eschersheim, karibu na Frankfurt. Siku hizi kijiji hicho kimemezwa na jiji. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mifugo, mtu mwenye elimu, kwa hiyo nyumbani vitabu vilikuwepo. Kijana akawa na ugonjwa wa kukusanya mawe ya madini na kufanya majaribio ya umeme na kemia kwa vifaa vya kuungaunga. Mnawajua vijana wa aina hiyo, kila mtaa unaye mmoja, yule anayefungua redio ya nyumbani aone kilichomo ndani.

Mwaka 1820 akaenda chuo kikuu cha Marburg kusomea udaktari wa binadamu. Huko chumba chake cha kupanga kikageuka maabara, na profesa mmoja hakufurahishwa na mwanafunzi wa tiba anayepoteza muda kwenye kemia. Akahamia Heidelberg, kwa profesa Leopold Gmelin, ambaye alikuwa mtu tofauti kabisa. Mwaka 1823 Wöhler akapata shahada yake ya udaktari. Angeweza kufungua zahanati akala maisha. Gmelin akamshauri aachane na tiba ashike kemia moja kwa moja, na kijana akakubali.

Akafunga safari hadi Stockholm, Sweden, kwa Jöns Jacob Berzelius, aliyekuwa mmoja wa wanakemia wakubwa kuliko wote Ulaya wakati ule. Alikaa huko kama mwaka mmoja. Akajifunza kupima kwa uangalifu mkubwa, na akajifunza Kiswidi pia. Kwa miaka mingi baadaye ndiye aliyetafsiri maandishi ya Berzelius kwenda Kijerumani. Yaani huyu bwana, pamoja na ugunduzi wake wote, alikubali pia kazi ya kuwatafsiria wenzake ili elimu isiishie kwa wachache. Hapo mimi nilimpenda.

UGOMVI ULIOZAA URAFIKI

Wakati Wöhler anachunguza chumvi moja ya fedha inayoitwa sianeti ya fedha, kijana mwingine wa Kijerumani, Justus Liebig, alikuwa anachunguza fulimineti ya fedha. Hii ya Liebig ni kitu cha kulipuka, ukikigusa vibaya kinakutoa vidole. Ile ya Wöhler ni tulivu. Lakini walipopima ndani yake kuna nini, majibu yakatoka sawasawa: fedha, kaboni, naitrojeni na oksijeni, kwa viwango vilevile.

Ikawa kizaazaa. Kwa elimu ya wakati ule, vitu viwili vyenye viungo sawa kwa viwango sawa vilitakiwa viwe kitu kimoja. Liebig alikuwa na hasira za karibu, akaona mwenzake amekosea kupima. Wangekuwa watu wa siku hizi wangetukanana mtandaoni mwezi mzima. Wao walikutana, wakapima upya, wakakuta wote wawili wako sahihi.

Maana yake ni hii. Chukua herufi za neno LIMA. Zipange upya, unapata MALI. Herufi ni nne zilezile, lakini hakuna anayechanganya kulima na kuwa na mali (ingawa wazee wetu wanasema moja linaleta lingine). Atomi nazo ziko hivyo. Zikipangwa hivi unapata poda tulivu, zikipangwa vile unapata baruti. Mwaka 1830 Berzelius akaupa ugunduzi huo jina, isomeri, na hadi leo mwanafunzi wa kidato cha nne anaumizwa nao kichwa.

Liebig na Wöhler wakawa marafiki hadi Liebig alipofariki mwaka 1873. Mmoja moto, mwingine maji. Wakaandika kazi nyingi pamoja.

UREA, SUFURIA NA MSIBA

Mwaka 1825 Wöhler alipata kazi ya ualimu Berlin, kwenye shule ya ufundi. Mwaka 1827, akiwa hapohapo, alifanikiwa kutoa alumini kwenye kiwanja chake cha kikemikali, ikiwa poda ya kijivu, na mwaka 1845 akapata vipande vidogo vya kutosha kupima tabia zake. Dunia ilisubiri hadi mwisho wa karne hiyo ndipo alumini ikawa ya bei rahisi. Kwa hiyo mama akisonga ugali kwenye sufuria ya alumini, kuna mkono wa huyu mzee pale.

Mwaka 1828 ndipo ikaja urea. Alikuwa anatafuta chumvi inayoitwa sianeti ya amonia. Alipopasha moto akapata fuwele nyeupe ambazo hazikuwa na tabia za chumvi aliyoitaka. Akazilinganisha na urea, kitu kinachopatikana kwenye mkojo, zikafanana kwa kila kipimo. Akamwandikia Berzelius kumweleza kwamba ameweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo ya mtu wala ya mbwa. Wakati huo wengi waliamini vitu vya mwilini vinahitaji nguvu fulani ya uhai, haviwezi kutoka kwenye chupa. Vitabu vingi vinasema imani hiyo ilikufa siku hiyohiyo. Si kweli, ilichukua miaka mingi na kazi za watu wengine wengi. Lakini ufa ulianzia pale.

Na angalia tena: sianeti ya amonia na urea zina atomi zilezile. Ni LIMA na MALI kwa mara nyingine.

Sisi wa nyanda za juu kusini urea tunaijua kwa mfuko wa mbolea. Mahindi yakifika magotini, mkulima wa Mufindi au wa Mbozi anaitafuta urea hata kwa kukopa. Ile ya mfuko viwanda hutengeneza kwa amonia na hewa ya kaboni dayoksaidi, si kwa njia ya Wöhler, lakini ni kitu kilekile.

Maisha yake hayakuwa ya maabara tu. Mwaka 1830 alimuoa Franziska. Mwaka 1831 wakahamia Kassel, na mwaka 1832 mke akafariki. Wöhler alikuwa na miaka 31. Liebig aliposikia, alimwita kwake Giessen, akamwekea kazi mezani, kwamba tufanye hii pamoja usikae peke yako na mawazo. Walichunguza mafuta ya lozi chungu, na kazi hiyo ikawa moja ya nguzo za kemia yote ya kaboni. Nimesoma habari za wanasayansi wengi, lakini hili la rafiki kumtoa mwenzake kwenye msiba kwa kumpa kazi ya mikono limenigusa kuliko urea. Mwaka 1834 akaoa tena, kwa Julie Pfeiffer, na mwaka 1836 akawa profesa Göttingen. Hapo ndipo alipobaki hadi mwisho wa maisha yake.

JINA LENYE ASILI YA KWINENI

Sasa tunafika kwenye neno letu. Kwineni kila mtu anaijua, ile dawa chungu ya malaria. Inatoka kwenye magamba ya mti wa sinkona, wenye asili ya Amerika ya Kusini. Huku kwetu Wajerumani waliupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Vita ya kwanza ya dunia ilipowafungia njia ya bahari, hapohapo Amani wakatengeneza kwineni ya askari wao.

Magamba hayo yana kwineni na pia yana asidi moja inayoitwa asidi ya kwini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliotoa kwineni mwaka 1820, waliichoma asidi hiyo ikiwa kavu na kupata kitu kipya ambacho hawakukielewa vizuri. Mwaka 1838 Mrusi aliyekuwa akisoma kwa Liebig, Woskresensky, akaitibu asidi hiyo kwa njia nyingine akapata fuwele za njano zenye harufu kali. Hizo zikaitwa kwinoni.

Wöhler akaichukua kwinoni akaichunguza kwa utulivu wake uleule. Aligundua kwamba ukiipa haidrojeni inapoteza unjano na kuwa fuwele zisizo na rangi. Mwaka 1843 akaziita haidrokwinoni, yaani kwinoni iliyopewa haidrojeni. Ukiinyang'anya haidrojeni hiyo, inarudi kuwa kwinoni. Ukizichanganya mbili hizo unapata fuwele za kijani zenye mng'ao kama mgongo wa mende wa shambani.

Naomba wadau mshike hapo, maana yote yanayofuata yanasimama kwenye jambo hilo moja: haidrokwinoni ni kitu kinachotoa haidrojeni yake kwa urahisi. Ni kama mtu mkarimu aliyekaa barabarani, anayepita na shida anasaidiwa.

Wöhler aliendelea kufundisha. Katika maabara yake ya Göttingen kijana Albert Niemann alitoa kokeini kwenye majani ya koka, karibu na mwaka 1860. Mwaka 1862 Wöhler mwenyewe alipata gesi ya asetilini kwa kutia maji kwenye kabaidi. Mafundi wa kuchomelea na gesi, hiyo ni yenu. Alifariki Göttingen tarehe 23 Septemba 1882, akiwa na miaka 82.

KAZI ALIZOPATA MTOTO BAADA YA BABA KUONDOKA

Wöhler hakuwa na habari haidrokwinoni itakuja kufanya nini. Mwaka 1880, Mwingereza William Abney aligundua kwamba inafaa kusafishia picha. Inatoa haidrojeni yake kwa chumvi ya fedha iliyopigwa na mwanga, fedha inabaki nyeusi, picha inaonekana. Zile picha nyeusi na nyeupe za babu na bibi zilizopigwa studio, nyingi zilipita kwenye maji yenye haidrokwinoni.

Kazi kubwa zaidi ilikuja na vita. Katika vita ya kwanza ya dunia Wafaransa walitaka kutumia akrolini, kimiminika cha kuwasha macho, lakini kilikuwa kinawakasirisha maana kilijigandisha chenyewe kwenye chombo. Charles Moureu na Charles Dufraisse wakatafuta dawa, na mwaka 1922 wakaeleza kwamba chembe ndogo tu za haidrokwinoni na jamaa zake zinatosha kuzuia. Miaka 40 baada ya Wöhler kuzikwa, mlinzi wa mapipa akapata ajira.

MLINZI ANAFANYAJE KAZI?

Plastiki nyingi hutengenezwa kwa vimiminika vinavyoitwa monoma. Fikiria ukumbi wa harusi. Watu wametawanyika, kila mtu na soda yake. Ghafla mmoja anainuka, anamshika mwingine kiuno, huyo anamshika wa tatu, na kabla MC hajasema kitu kuna treni ndefu imezunguka ukumbi mzima. Monoma ni wale watu. Treni ni plastiki. Na kila anayeshikwa anatoa joto kidogo, joto hilo linawaamsha wengine, treni zinaongezeka, joto linaongezeka. Kiwandani wakitaka treni ni sawa. Lakini treni ikianza yenyewe ndani ya tangi lililofungwa, tangi linachemka hadi linapasuka.

Anayeanzisha treni ni molekuli yenye mkono mtupu inayotafuta wa kumshika. Haidrokwinoni inampa haidrojeni yake, mkono unajaa, anatulia, treni inakufa. Yenyewe ikishatoa inageuka kuwa kwinoni, zile fuwele za njano za mwaka 1838. Kwa hiyo mlinzi huyu anakwisha kazini. Kila anayemtuliza anampunguza, na siku akiisha pipa linabaki bila mtu.

Kipimo chake ni kidogo ajabu. Staireni, inayotumika kutengeneza plastiki nyeupe nyepesi za kufungia redio na friji, hulindwa na ndugu wa haidrokwinoni anayeitwa TBC, kawaida gramu 10 hadi 15 kwa tani nzima. Asidi ya akriliki huwekewa mtoto wa haidrokwinoni, MEHQ, kama gramu 200 kwa tani. Yaani vijiko vichache ndivyo vinavyolinda tani nzima isilipuke.

Na mlinzi huyu ana masharti. Anahitaji hewa, kwa sababu oksijeni kidogo iliyoyeyuka kwenye kimiminika ndiyo inayomsaidia kumkamata mwenye mkono mtupu. Ndiyo maana mapipa hayajazwi hadi juu. Hapendi joto pia. Hata baridi ina hila yake. Asidi ya akriliki huganda ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi. Pipa likilala nje usiku wa Julai kwa baridi kama ya Mafinga, lingeganda. Ikiganda, mlinzi anasukumwa kwenye sehemu iliyobaki majimaji, barafu yenyewe inabaki haina ulinzi. Mtu akija asubuhi akaliwekea moto ili liyeyuke haraka, anaweza kuita mlipuko. Hapo sheria ni kuyeyusha polepole kwa uvuguvugu na kuchanganya.

MAHALI MLINZI ALIPOZIDIWA

Tarehe 14 Julai 2012 meli ya mizigo MSC Flaminia ililipuka katikati ya Atlantiki. Ndani yake kulikuwa na makontena ya divinilibenzini, monoma iliyowekewa TBC, iliyopata joto kabla na baada ya kupakiwa New Orleans. Mabaharia 3 walipoteza maisha. Mwaka huohuo, tarehe 29 Septemba, tangi la asidi ya akriliki lililipuka Himeji, Japani. Zimamoto mmoja alifariki na watu 36 wakajeruhiwa.

Ya karibuni zaidi wengi mnaikumbuka. Tarehe 7 Mei 2020, kiwanda cha LG Polymers huko Visakhapatnam, India, kilikuwa kimesimama wiki kadhaa kwa sababu ya korona. Staireni ikakaa kwenye tangi, joto likapanda, TBC haikutosha, na alfajiri mvuke ukatoka ukaingia mitaani watu wakiwa wamelala. Wasiopungua 11 walikufa na mamia wakapelekwa hospitali.

Nimeyataja haya si kwa kuwatisha. Hapa kwetu hakuna matangi ya namna hiyo, lakini monoma tunazo. Ile fila ya mafundi wa kunyoosha bodi za magari ina staireni na mlinzi ndani yake. Bila mlinzi ingegandia dukani, na ile hadina unayochanganya kidogo kazi yake ni kumzidi mlinzi nguvu ili igande. Supa gluu nayo huwekewa haidrokwinoni kidogo. Kimiminika cha kucha za bandia saluni na kile cha kutengenezea meno ya bandia, hali ni hiyohiyo. Fundi anayeacha kopo lake juani au karibu na moto wa kuchomelea anammaliza mlinzi asiyemwona.

TURUDI USONI

Mwaka 1939 nchini Marekani iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi, wengi wao weusi, walikuwa wanapoteza rangi kwenye mikono. Wataalamu walipofuatilia wakakuta chanzo ni glavu za mpira. Mpira ule uliwekewa mtoto mmoja wa haidrokwinoni ili usizeeke haraka. Kwenye mpira alikuwa mlinzi. Mkononi mwa mtu akawa anazima mashine inayotengeneza rangi ya ngozi.

Watu wa biashara walipoona hivyo wakaona fedha. Krimu za haidrokwinoni zikaenea Afrika nzima. Umbo lake linafanana na kitu ambacho ngozi hutumia kutengeneza melanini, basi inaingia palepale na kuziba njia. Melanini ndiyo mwavuli wetu wa jua. Ukiutoa, jua la saa saba linakuta ngozi tupu. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza walichokiona kwa waliotumia muda mrefu: mabaka ya bluu na nyeusi yaliyokaa ndani kabisa ya ngozi, mashavuni na karibu na macho, ambayo kuyatoa ni kazi ngumu mno. Mtu alitafuta weupe akapata weusi ambao si wake.

Kuna nchi ambako daktari wa ngozi humwandikia mgonjwa haidrokwinoni kwa kipimo na muda maalum. Hilo ni jambo jingine. Mkorogo wa mtaani hauna kipimo, na mara nyingi una zebaki na dawa kali nyingine ndani. Tanzania vipodozi vyenye haidrokwinoni ni marufuku. Zamani kazi ya kuvikamata ilikuwa ya TFDA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu 2019 vipodozi vimehamia TBS. Lakini tuseme ukweli wadau, marufuku ipo na kopo lipo. Linafika kwa mabasi, linauzwa chini ya meza.

Ndiyo maana nimemleta Wöhler. Nimeona kumwambia dada yako kwamba haidrokwinoni ni sumu tu haisaidii. Atakujibu kwamba mbona fulani anatumia na anang'aa. Mwambie habari nzima. Mwambie ni kitu cha kutuliza mapipa ya staireni na kusafishia picha, kinachotoa haidrojeni yake kwa kila anayekutana naye, na hakichagui. Kwenye pipa kinakutana na mkono mtupu unaotaka kuanzisha moto. Kwenye shavu lake kinakutana na kiwanda cha mwavuli wake.

Unaponunua kipodozi soma boksi. Neno linaandikwa hydroquinone. Kama boksi halina orodha ya viungo kabisa, hilo nalo ni jibu, rudisha. Na aliyekwisha anza na ngozi inamsumbua asijitibu kwa krimu nyingine juu ya ile, aende hospitali akamwone daktari na aseme wazi alichokuwa anapaka.

Mzee Wöhler alitumia miaka 60 kutuonyesha kwamba atomi hazina wema wala ubaya, zina mpangilio na mahali. Kazi ya kujua mahali ni yetu.

Naomba kuwasilisha. Walimu wa kemia, mafundi wa fila na dada wa saluni, nawasubiri kwenye maoni hapo chini. Kama kuna cha kuongezea mwage, matusi tu ndiyo hayatapita.